Pat Summitt, viti vya mbele darasani, na kazi ya kocha wa timu ya mabinti wa chuo

MwalimuWaRibaundi (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Jukwaa hili la kikapu kutwa ni timu za wanaume za NBA, Lakers na Warriors, leo naomba tuhamie kwa mabinti wa vyuo vya Marekani, maana huko kuna mambo ambayo sisi tunaonoa timu za wasichana tunayahitaji kuliko hata zile klipu za Curry. Fainali yao ya 2024, South Carolina na Iowa, iliangaliwa na watu karibu milioni 19 kule kwao na ikaizidi fainali ya wanaume ya mwaka huo huo, kwa hiyo asije mtu hapa akasema ni mchezo usio na watazamaji.

Mimi nanoa timu ya wasichana ya chuo kimoja hapa bongo na ninachotaka kusema nakisema mapema ili anayepinga apinge: kocha wa mabinti wa chuo anayefundisha uwanjani tu, atafungwa hata huko uwanjani. Mambo ya darasani, hosteli, afya, nyumbani kwao, watu wanayachukulia kama hisani ya kocha mwenye roho nzuri, mimi nasema ndiyo kazi yenyewe. Na aliyeionyesha hiyo kuliko wote ni marehemu Pat Summitt, kocha wa chuo kikuu cha Tennessee, Marekani.

Kwa wasiomjua. Kazaliwa 1952, mtoto wa mkulima, kakulia kwenye ng'ombe wa maziwa na mashamba ya tumbaku, kikapu anacheza na kaka zake juu ghalani kwenye nyasi kavu. Sekondari ya kule walikokuwa wanakaa haikuwa na timu ya wasichana, basi baba yake akahamisha familia nzima kwenda Henrietta ili binti acheze. Alipoenda chuo, kaka zake walishapata skolashipu za michezo, yeye hakupata kwa sababu kwa wanawake hazikuwepo, wazazi wakatoa mfukoni. Ile sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea pesa ya serikali kuu, ilisainiwa 1972, lakini matunda yake yalichelewa sana kufika viwanjani.

1974 anapewa timu ya Tennessee akiwa na miaka 22. Ishirini na mbili jamani! Baadhi ya wachezaji wake walikuwa karibu rika lake. Mshahara dola 250 kwa mwezi, gari la timu anaendesha mwenyewe, jezi anafua mwenyewe, na hizo jezi zilipatikana kwa pesa ya kuuza donati. Huku anasoma masters, anafundisha vipindi vya michezo, na anauguza goti maana alikuwa bado anautaka uchezaji wa timu ya taifa, na kweli 1976 akarudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Montreal. Mechi yake ya kwanza kama kocha alifungwa 84 kwa 83 na chuo cha Mercer. Alipokuja kuachia ngazi 2012 alikuwa ameshinda mechi 1,098, amefungwa 208, na makombe 8 ya taifa.

Sasa njooni kwenye lile lililonifanya nifungue uzi. Huyu mama alikuwa na sheria kwamba mchezaji wake akiingia darasani anakaa kwenye mistari mitatu ya mbele. Na ukikosa kipindi bila sababu ya maana, mechi hauchezi, hata uwe nyota wa namna gani. Kila mchezaji aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza pale kwake alihitimu. Kila mmoja, kwa miaka 38.

Fikirieni kiti cha mbele kinafanya nini. Mwalimu anamjua binti kwa sura na jina. Binti hawezi kusinzia wala kuchezea simu. Akianza kupotea, mwalimu anampigia kocha kabla ya mtihani, siyo baada ya matokeo kutoka na binti keshasimamishwa. Na yule binti anapofika mazoezini kichwa chake kimetulia, hana deni la kazi ya darasani linalomla ndani kwa ndani. Mimi naona kabisa mazoezini nani ana majanga ya masomo, pasi zake zinachelewa, akikosea mara moja anakata tamaa siku nzima.

Kingine alichokuwa anafanya Pat mazoezini, mchezaji akikosolewa anatakiwa ajibu kwa sauti "ribaundi", yaani nimeipokea, nimeelewa. Akisifiwa anajibu "pointi mbili". Watu wanaweza kuona ni utoto ila sikilizeni, binti wa miaka 18 akikemewa mbele ya wenzake anaweza akanyamaza, akainamisha kichwa, na wewe kocha hujui kama amekusikia au amekasirika au analia kimoyomoyo. Lile neno moja linamtoa kwenye kununa na linakuonyesha wewe kwamba limefika. Nimelijaribu kwa wangu, wiki ya kwanza walikuwa wanacheka, sasa hivi wanaambiana wenyewe hata bila mimi kuwepo.

Nitaendelea, kuna ishu ya Tamika Catchings naiandika.

PointiGadiWaKitambo

Naweka kambi hapa mkuu, shusha nondo.

MwalimuWaRibaundi

Tunaendelea.

Tamika Catchings kazaliwa na tatizo la kusikia. Alipokuwa mdogo alivaa vifaa vya kusikia, watoto wenzake wakawa wanamtania, na jinsi anavyoongea wanamcheka, siku moja akavitupa porini. Akakua bila hivyo vifaa, anasoma midomo ya watu, na kwenye kikapu alikuwa moto wa kuotea mbali kwa hiyo hakuna aliyeona shida. Kaingia Tennessee 1997 na msimu wake wa kwanza tu timu ikashinda mechi zote 39 bila kufungwa hata moja. Kocha wa kawaida hapo anafanya nini? Anakaa kimya, timu inashinda, ya nini kumgusa mtoto kwenye kidonda.

Pat alimkalisha chini akamwambia avae tena vifaa na aende kwa mtaalamu wa matamshi. Kwa sababu alikuwa anamuona anakuja kuwa mtu mkubwa nje ya uwanja, mtu wa kuongea mbele za watu. Catchings akakubali. Baadaye akachukua dhahabu 4 za Olimpiki, ubingwa wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, 2012 na Indiana Fever, na leo ni mzungumzaji na ana taasisi yake ya kusaidia watoto. Kilichonigusa mimi ni kwamba kocha aligusa jambo ambalo halikuwa linamgharimu pointi hata moja.

NahodhaWaZamani

Dada naheshimu ulichoandika ila naomba niwe upande wa pili. Nimecheza kikapu chuo, jina la chuo sitaji. Kocha wetu na yeye alikuwa anasema ni mlezi wetu. Anakagua simu zetu. Anataka kujua nani ana mpenzi. Anapiga simu saa tano usiku kuuliza uko wapi. Ukimjibu vibaya Jumamosi huanzi. Sasa mkisema kocha aingie hadi hosteli na nyumbani mnawafungulia mlango watu wa namna ile, na mabinti wengi wameacha mpira kwa sababu hiyo wala siyo kwa sababu hawaupendi.

MwalimuWaRibaundi

NahodhaWaZamani pole sana mdogo wangu, na asante kwa kuandika, maana uzi huu bila hoja yako ungekuwa na shimo kubwa katikati.

Nakubaliana na wewe moja kwa moja. 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu timu za vijana za wasichana za Mali, makocha kuwadhalilisha kingono mabinti kwa miaka, na mabinti wanaokataa wanaachwa nje ya timu. Kocha mmoja akakamatwa. Yote yale yalipita kwenye mlango huo huo wa "mimi ni mlezi wenu". Kwa hiyo siwezi kutetea ulezi bila kusema mipaka yake iko wapi.

Mimi naiona hivi. Pat sheria zake zilikuwa za wazi, zimeandikwa, zinajulikana na wazazi, na zinahusu vitu vinavyoonekana na kila mtu, umekaa wapi darasani, umefika saa ngapi, umehudhuria au hujahudhuria. Mapenzi ya mtu na simu ya mtu ni vitu vya siri, kocha akivishika anakuwa ameshika kamba ya kumvutia binti anakotaka yeye. Kuna tofauti pia ya nani anafaidika. Kiti cha mbele kinamfaidisha binti hata kama kocha akifukuzwa kesho. Simu ya saa tano usiku inamfaidisha nani?

Kwangu sheria ziko hivi na wazazi wanazijua: sikai na mchezaji chumba kilichofungwa, ujumbe wote wa timu unaenda kwenye grupu ambalo ndani yake yupo matroni na mwalimu mwingine, tukisafiri kuna mtu mzima wa kike wa pili hata kama bajeti inalia, na mchezaji akiwa na lalamiko juu yangu anajua aende kwa nani ambaye siyo rafiki yangu.

MtuWaUpanga

Hapo kwenye msafara kuna makocha wanaume watakuja kukuchukia 😂 wengi wanasafiri na timu ya wasichana peke yao na dereva.

MwalimuWaRibaundi

Na wachukie tu, mkuu. Na hapo hapo niseme kitu kuhusu wanawake kwenye ukocha. Kabla ya Title IX zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni Marekani zilikuwa chini ya makocha wanawake. Pesa ilipoanza kuingia na mishahara ikawa mizuri, wanaume wakaja, asilimia ikashuka hadi chini ya nusu. Sisemi mwanaume hawezi, Geno Auriemma wa UConn, yaani chuo kikuu cha Connecticut, ana makombe 12 na mabinti wake wanampenda hadi wakizeeka. Nasema binti anatakiwa aone kwamba hii kazi hata yeye anaweza kuja kuifanya.

Ndiyo maana nampenda Dawn Staley, kocha wa South Carolina. 1991 akiwa mchezaji wa Virginia alifika fainali, akafungwa na Tennessee ya Pat dakika za nyongeza, 70 kwa 67, na bado yeye aliyefungwa ndiye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Ubingwa wa chuo hakuwahi kuupata kama mchezaji. Sasa 2015 alipoipeleka South Carolina kwenye nne bora kwa mara ya kwanza, Carolyn Peck alimpa kipande cha nyavu ya ubingwa wake, maana kule bingwa hukata nyavu za goli akabaki nazo kama kumbukumbu. Peck ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua ule ubingwa akiwa kocha, na chuo cha Purdue 1999, na kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Pat kule Tennessee! Akamwambia ukichukua wewe nirudishie. 2017 Staley akachukua, akarudisha, afu akaenda mbali zaidi, 2021 akakata nyavu zake za ubingwa vipande vipande akawatumia makocha wanawake weusi wote wa daraja la kwanza. Mtu na mpinzani wake anampa kipande cha ubingwa wake! Ukitoa jasho kwa kocha wa namna hiyo unajua unajifunza na kitu kingine zaidi ya mbinu za uwanjani kama pick and roll.

MseeWa254

Niko hapa kutoka Kenya, na mngejua mna mtu wenu huko mngeongea kwa sauti kubwa zaidi. Madina Okot ni msichana wa Mumias, alikuwa anacheza voliboli kabla hajageukia basketi, akachezea chuo cha Zetech hapa kwetu, 2024 akaenda Mississippi State na 2025 akahamia South Carolina kwa Dawn Staley mwenyewe. Futi sita na nusu hivi. Sisi huku tukimuona tunalia.

MwalimuWaRibaundi

Karibu sana jirani, na asante kwa kumtaja maana nilikuwa nimemuweka kwa ajili ya baadaye. Wanangu wote ninaowafundisha wanajua jina lake. Mtu aliyeanza kikapu akiwa mkubwa, katoka kwenye mazingira yale yale ya jua na sakafu ya saruji tunayoyajua sisi, akaja kufundishwa na bingwa wa Olimpiki.

PointiGadiWaKitambo

Swali kwako mwalimu. Siku hizi kule wachezaji wanalipwa, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo, na wanahama chuo wanavyotaka. Je Pat angeweza leo? Ukimkaripia mtoto si anaingia tu kwenye ile orodha ya kuhama anasepa?

MwalimuWaRibaundi

Swali zuri na limenikalisha muda.

Ni kweli kocha wa leo hana ile nguvu. 2025 South Carolina walifungwa fainali na UConn 82 kwa 59, na kabla vumbi halijatulia MiLaysia Fulwiley, binti wa Columbia pale pale mjini kwao, mwenye kipaji cha kutisha, akahamia LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Kipindi hicho hicho Okot akaingia. Hakuna aliye salama, hata Staley.

Ila mimi naamini Pat angeweza, na sababu naiona kwenye msimu wa 1996 hadi 1997. Timu yake ilifungwa mechi 10 msimu ule. Kumi, Tennessee! Magazeti yamewaandika wameisha. Angekuwa kocha wa kutisha tu, wale mabinti wangevunjika mapema mwezi wa kwanza. Wakaenda wakachukua ubingwa na vipigo vyao kumi. Mtu unamvumilia kocha mkali msimu mbovu kama unajua ukali wake umeanzia kwake mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye 1990 alipanda ndege kwenda Pennsylvania kumshawishi mchezaji aje Tennessee, uchungu wa uzazi ukamshika huko huko, akagoma kujifungulia pale, akataka ndege irudi Tennessee ndiyo mtoto azaliwe. Sishauri mtu afanye hivyo wakuu! Ila wale mabinti walimjua ni mtu wa namna gani.

Kitu ambacho leo kingebidi kibadilike, na nakisema kwa moyo mzito kwa kuwa ni mtu ninayempenda, ni upande wa afya ya akili. Chamique Holdsclaw, nyota wa makombe matatu mfululizo 1996, 1997 na 1998, kalelewa na bibi yake Queens, New York, alikuja kueleza hadharani jinsi alivyopambana na sonona kwa miaka mingi, sasa hivi anazunguka kufundisha watu jambo hilo. Makombe yote yale hayakuizuia. Kocha hata awe mlezi wa namna gani siyo daktari wa hilo, anatakiwa awe na mtu wa kumpelekea binti, na amuamini huyo mtu bila kudai aambiwe walichoongea. Kwenye vyuo vyetu mshauri wa wanafunzi yupo, nimeenda kumtafuta mwenyewe nikamleta mazoezini wasichana wamuone sura, kwa sababu ofisini kwake hawaendi wanaogopa kuonekana.

NahodhaWaZamani

Hapo umenigusa mwalimu. Laiti tungekuwa na mtu hata mmoja wa kumwendea.

BabaSara

Samahani wakuu mimi siyo mtu wa kikapu, binti yangu anaanza chuo mwaka huu, ni mrefu, ana kipaji, kocha mmoja keshaanza kunipigia simu. Nimuulize nini? Afu mama yake anaogopa habari za magoti.

MwalimuWaRibaundi

BabaSara hongera kwa binti, na mama yake ana haki ya kuogopa. Wasichana kwenye mchezo huu wanachana ile kano ya ndani ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana. Paige Bueckers wa UConn alikosa msimu mzima wa 2022 hadi 2023 kwa hilo goti, mwenzake Azzi Fudd naye ikamkuta, na 2025 wote wawili wakachukua ubingwa, kwa hiyo siyo mwisho wa dunia lakini kule wana hospitali, madaktari na mwaka mzima wa mazoezi ya kurudi. Sisi hapa goti likichanika binti wengi ndiyo basi tena. Kwa hiyo muulize kocha wanapasha misuli namna gani. Akikwambia wanazunguka uwanja mara mbili, hiyo haitoshi. Unataka usikie wanafundishwa kutua, magoti yamekunjwa na hayaingii ndani, miguu yote miwili, kila siku, dakika kumi na tano za kuruka na kutua na kubadili mwelekeo kabla ya mpira kuguswa. Hii haihitaji pesa, inahitaji kocha asiyekuwa na haraka.

Muulize mazoezi yanaisha saa ngapi na mabinti wanarudije hosteli. Sisi tulihamisha ya jioni yakawa alfajiri kwa sababu hiyo tu, giza likishaingia daladala zinajaa na njia ya hosteli haina taa. Muulize kikapu kikigongana na kipindi cha maabara nani anaachia. Muulize taulo za kike zipo kwenye boksi la timu pamoja na barafu na bandeji, na uangalie anavyojibu, kama anaona aibu hata kulitamka basi wasichana wake wanakosa mazoezi kila mwezi na yeye anawaandika wavivu.

Afu usimalizie kwa kocha. Nenda siku ya mazoezi bila taarifa, kaa pembeni uone anavyoongea na yule mchezaji wa mwisho benchi, halafu wakimaliza ongea na wasichana wa mwaka wa tatu kocha akiwa hayupo. Ukikwama niandikie hapa hapa, nipo.